Jua Linatua Upande wa Kongo

Hapa Arua jua linatua karibu na saa moja jioni. Mwaka mzima ni hivyo, tofauti ni dakika tu. Pale Aru, ng'ambo ya mpaka, mwendo mfupi wa pikipiki, jua lilelile linatua karibu na saa kumi na mbili, kwa sababu saa za mashariki ya Kongo ziko nyuma ya saa za Uganda kwa saa moja. Tangu Februari 2021 Sudan Kusini nayo imerudisha saa zake nyuma. Kwa hiyo ukisimama Salia Musala, kule Koboko, mahali mipaka ya nchi tatu inapokutana, una nchi tatu na saa mbili, lakini jua ni moja. Halijaulizwa kibali cha kuvuka.

Nataka kuandika juu ya kupanda mlima jioni na kutazama. Najua wengine watasema hiyo ni mambo ya watalii. Mtu mmoja aliniuliza hivyo usoni kabisa, nikiwa njiani kupanda Mlima Arua: "Mkimbizi, unatafuta nini huku juu?" Hakuwa na ubaya, alikuwa anashangaa tu. Swali lake lilinikaa kichwani, nikaanza kusoma na kuuliza wazee: ni nani waliopanda milima hii kabla yangu, na wao walikuwa wanatafuta nini?

Kwanza nieleze kinachoonekana. Mlima Arua si mrefu. Ni kilima cha mawe na miti kilicho ndani ya mji wenyewe, chenye minara ya mawasiliano juu. Chini yake ni mabati ya mji ambao umekuwa jiji tangu Julai 2020, soko, bodaboda, na barabara ya lami inayotoka Vurra, inapita Arua na Koboko, mpaka Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini, kilomita 92. Kaskazini mashariki, siku ambayo mvua imeosha hewa, unaona Mlima Wati umesimama peke yake. Mashariki nchi inashuka polepole kwenda Nile. Magharibi ni Kongo. Wakati wa kiangazi, watu wakichoma nyasi, vumbi na moshi vinafunika kila kitu na Wati inapotea kabisa. Lakini hapo ndipo jua linakuwa jekundu kama kaa la moto, na unaweza kulitazama bila kuumia macho.

Jua halitui mahali pamoja. Mwezi wa Machi na Septemba linatua magharibi kamili, upande wa Watsa. Mwezi wa Juni linavuta kaskazini kidogo, upande wa Faradje. Desemba linarudi kusini. Mimi natoka huko, kwa hiyo nayafuata mambo hayo kwa makini. Kuna mwezi ambao jua linatua karibu kabisa na kwetu.

Sasa tuje kwenye historia.

Wa kwanza tunaowajua ni wazee wa kale wa Walugbara. Katika masimulizi yao kuna mashujaa wawili walioanzisha koo, Jaki na Dribidu. Jaki alifia Mlima Liru, ule wa upande wa Koboko. Dribidu alifia Mlima Wati, ambao vitabu vingine huuandika Eti. John Middleton, msomi Mwingereza aliyeishi na Walugbara kuanzia 1949 hadi 1952, aliandika masimulizi hayo kwa kirefu. Dribidu maana yake ni mwenye manyoya. Inasemekana mwili wake ulikuwa na nywele nyingi, na alifukuzwa kwao ng'ambo ya Nile kwa sababu alikuwa anakula watoto wake mwenyewe. Akavuka mto, akaja huku, akakuta mwanamke mwenye ukoma, akamponya, akaanza maisha mapya.

Ukiondoa manyoya na ukali wa hadithi, unabaki na nini? Mtu aliyefukuzwa kwao, akavuka maji, akapokelewa na mgonjwa. Yaani babu aliyelala Wati alikuwa mtu wa kuhama. Kwa wenyeji, mlima huo ni kaburi na ni mwanzo wa ukoo. Wanapoutazama jioni wanatazama mahali walikotoka.

Wa pili ni wenye ramani. Hao wengi wao hawakupanda mlima wowote. Mwaka 1894 Uingereza ilimkodisha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji eneo la Lado, ambalo nchi hii yote ya West Nile ilikuwa ndani yake. Alikodishwa kwa maisha yake, yeye mwenyewe, kama mtu anavyopanga chumba. Leopold alifariki Desemba 1909, na mwaka uliofuata eneo likakabidhiwa kwa Sudan. Hapo katikati, Januari 1910, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kwenye urais wa Marekani mwaka mmoja tu nyuma, alipiga kambi kwenye ukingo wa magharibi wa Nile kuwinda vifaru weupe. Ninyi mnaoishi makazi ya Rhino Camp, jina hilo la kambi ya vifaru ni la wakati wa wawindaji. Vifaru waliisha, kambi ikabaki, sasa wamejaa watu.

Mwaka 1914 sehemu hii ikahamishwa kutoka Sudan kuwa Uganda. Bwana DC wa kwanza, A. E. Weatherhead, akaweka boma lake Arua. Na hapo nieleze mpaka ulivyochorwa, maana ndiyo unaotuhusu. Mstari kati ya Uganda na Kongo, kwenye sehemu yetu hii, unafuata mgongo wa nchi unaogawa maji. Tone la mvua likianguka upande wa mashariki wa mgongo huo, linakwenda Nile, linapita Sudan na Misri, linaishia bahari ya Mediterania. Likianguka hatua chache upande wa magharibi, linakwenda Kibali, Uele, Ubangi, halafu Mto Kongo, linaishia Atlantiki. Kwa mtu wa ramani ni mstari mzuri sana, safi. Maji yenyewe yameamua. Lakini watu hawakuishi kama maji. Walugbara walikuwa pande zote mbili za mgongo. Wakakwa walikuwa pande zote tatu, Kongo, Sudan na Uganda, na bado wako. Ukisimama mahali palipoinuka karibu na Koboko huuoni mgongo wenyewe. Unaona mihogo, mtama, vijia, na nyumba zinazofanana.

Wa tatu ni waliopanda wakikimbia. Hawa ndio watu ambao wafanyakazi wengi wa mashirika hawajasikia habari zao, na hata sisi wakimbizi wengine hatuzijui, wakati tunakaa kwenye mashamba yao.

Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Wakakwa wa Koboko, aliangushwa Aprili 1979. Oktoba 1980 askari wake wa zamani walirudi kutoka ng'ambo ya mpaka wakashambulia Koboko na Arua. Jeshi jipya la serikali liliporudisha eneo mikononi mwake, halikuchagua askari na raia. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, na karibu nchi nzima ikakimbia. Tarehe 24 Juni 1981 watu wengi waliokuwa wamejificha kwenye misheni ya Katoliki ya Ombaci, kaskazini kidogo ya mji wa Arua, waliuawa hapohapo misheni. Wenyeji wanaikumbuka tarehe hiyo mpaka leo.

Walikimbilia wapi? Magharibi na kaskazini. Walikwenda Zaire, upande wa Aru, Faradje na Aba, na Sudan, upande wa Yei. Walikaa huko miaka mitano, sita, wengine zaidi. Mtafiti Barbara Harrell-Bond alikwenda kuwaona kule Yei, na kitabu chake cha mwaka 1986, "Imposing Aid", kilibadilisha jinsi dunia inavyofikiri juu ya misaada. Alionyesha kwamba watu wengi walikuwa wamejipanga wenyewe vijijini, nje ya kambi, wakisaidiwa na wenyeji, na kwamba mashirika yalikuja na mipango iliyokwisha kuamuliwa bila kuwauliza. Ndugu mfanyakazi wa shirika, kama umewahi kusoma kitabu hicho chuoni Ulaya au Kampala, basi ujue kilikuwa kinazungumza juu ya mwenye nyumba uliyopanga Arua.

Mzee mmoja niliyemkuta juu ya kilima, akichunga mbuzi, alinieleza hivi, na naandika kama alivyosema, kwa Kiswahili alichojifunza huko Zaire:

"Sisi tulikimbia kule jua inaenda. Mimi nilikuwa kijana mudogo. Watu ya kule walitupa mihogo, walitupa shamba, hawakuuliza karatasi. Sasa nyinyi mumetoka kule jua inaenda, mumekuja huku. Mimi nikikuona najua njia umepita, maana nilipita ile njia na miguu yangu."

Nilimuuliza kama siku zile, kule Zaire, alikuwa anapanda mahali kutazama nyumbani.

"Kila asubuhi," akasema. "Kwetu ilikuwa kule jua inatoka. Jioni hatukutazama. Jioni ilikuwa ya kutafuta kuni."

Jibu hilo lilinifanya nielewe kitu. Mlima uko palepale, watu ndio wamebadilishana pande. Yeye akiwa mkimbizi alitazama macheo. Mimi natazama machweo. Ni mstari uleule wa jua. Na tangu Julai 2016, vita vilipofumuka upya Juba, wamekuja pia watoto na wajukuu wa wale watu wa Yei waliompokea ndugu zake. Bidi Bidi, wilaya ya Yumbe, ilifunguliwa Agosti 2016, na kwa miezi michache ilikuwa imepokea watu zaidi ya 200,000. Imvepi ikafunguliwa Februari 2017. Sisi Wakongomani wa Lobule, Koboko, tulikuwa tumetangulia, tangu 2013. Na msidhani watu wanakuja upande mmoja tu. Kule jua linakotua, kambi za Biringi na Meri zimejaa Wasudani Kusini. Kila nchi kati ya hizi tatu imewahi kukimbia na imewahi kupokea.

Hapa niwapeleke mbali kidogo, Japani, halafu turudi.

Japani kuna mlima unaitwa Hakodate, mita 334 tu juu ya bahari, na watu wanatoka dunia nzima kwenda kuupanda jioni. Jua linatua, taa za mji zinawaka katikati ya ghuba mbili, picha zinapigwa. Jambo ambalo picha hazionyeshi ni kwamba mlima huo ulikuwa ngome ya jeshi. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 hadi 1946, karibu miaka 50, raia hawakuruhusiwa kuupanda. Aliyekuwa juu alikuwa mwenye mzinga, akitafuta meli za adui. Vita vilipokwisha ndipo watu wa kawaida wakapanda kutazama tu. Kumbe hata kule kutazama kwa raha ni kitu kinachokuja baada ya amani.

Lakini Wajapani wana hadithi ya zamani zaidi. Iko katika Kojiki, kitabu chao cha kale kilichokamilika mwaka 712. Inasema Mfalme Nintoku alipanda mlima mrefu akatazama nchi yake pande zote. Hakuona moshi. Akasema, kama hakuna moshi wa kupikia, basi watu wamefilisika. Akafuta kodi na kazi za lazima kwa miaka mitatu. Jumba lake likavuja mvua, hakulitengeneza. Baada ya miaka mitatu akapanda tena, akaona moshi umejaa kila mahali. Hapo akajua watu wanakula.

Sijui kama mfalme huyo alifanya hivyo kweli, hadithi za wafalme tunazijua. Lakini aliyeitunga alijua kutazama. Mtu anayepanda juu jioni akaona rangi za mbingu peke yake ameona nusu. Jioni ndiyo saa ya kupika. Jua linapokaribia kuzama, kutoka mahali palipoinuka unaona moshi wa kila boma unapanda, unanyooka, halafu unalala pamoja kama shuka juu ya mabonde. Unaweza kuhesabu.

Mimi nahesabu. Katika makazi yetu, jioni, nikiwa kwenye mwinuko wa mawe, najua ni nyumba zipi zinapika na zipi hazipiki. Mgao wa chakula Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30 mwezi wa Aprili 2020, ukafika asilimia 40 Februari 2021, na kuanzia Julai 2023 familia zikagawanywa kwa makundi, wengine wanapata zaidi, wengine kidogo, wengine hawapati kitu. Habari hizo zilitufikia kwa mkutano, kwa megafoni na kwa karatasi ukutani. Lakini ukweli wake uliandikwa angani. Nyumba zilizokuwa na moshi mara mbili kwa siku zikawa na moshi mara moja. Nyingine zikawa zinakopa moto, yaani watoto wanatumwa kwa jirani saa ya kupika, wakae hapo, labda wataitwa kula. Mama mmoja mjane karibu nasi alikuwa anawasha moto wa kuni mbichi bila sufuria, ili majirani wasione aibu yake. Moshi wake ulikuwa mwingi kuliko wetu sote. Kwa hiyo hata moshi unadanganya, lazima ushuke uende kuuliza hodi. Lakini usipopanda kwanza, hujui uende wapi.

Sasa hapa nazungumza na ninyi ndugu wa mashirika, kwa heshima, maana najua mnasoma jarida hili na wengine wenu ni rafiki zetu. Magari yenu yanaondoka kwenye makazi saa kumi, kumi na moja, kwa sababu ya kanuni za usalama. Naielewa sababu. Matokeo yake ni kwamba mnatuona asubuhi na mchana, tukiwa kwenye foleni, kwenye mkutano, kwenye dodoso. Saa moja jioni hamjawahi kutuona. Hamjaona wanaopika na wasiopika. Hamjaona pia vitu vizuri, wazee wakipiga hadithi, vijana wakirudi kutoka mpirani, wasichana wakiimba njiani na madumu ya maji, mwenyeji akileta mhogo kwa mkimbizi bila kuandikisha popote. Dodoso lina kisanduku cha "milo mingapi kwa siku". Halina cha "jana ulilala kwa nani".

Na kwa ninyi ndugu zangu wa makazi: pandeni. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea ndani ya nchi kwa mujibu wa taratibu. Mlima haujakatazwa. Wapelekeni watoto jioni, siku ya baada ya mvua. Waonyesheni Wati, muwaambie babu aliyelala pale naye alifukuzwa kwao. Waonyesheni mgongo wa maji, kama mnaweza kuutambua. Waonyesheni magharibi, muwaambie kule ndiko tulikotoka, na kule ndiko wenyeji hawa walikokimbilia wakati bibi zetu walikuwa wanawapa mihogo. Mtoto akijua hivyo hatainamisha kichwa mbele ya mtoto wa mwenyeji, wala hatamdharau. Watajuana kama watu wenye deni la pande mbili, ambalo hakuna anayelidai.

Yule aliyeniuliza natafuta nini huku juu, sikumjibu vizuri siku ile, nilisema tu natazama. Jibu lenyewe ni refu kidogo. Waliopanda hapa kabla yangu walitafuta kaburi la babu, walitafuta mpaka, walitafuta vifaru, walitafuta njia ya kukimbilia. Mimi natafuta moshi wa kwetu. Siku nyingine, jua likiwa limeshazama na mbingu ya Kongo bado ina mwanga, kule mbali sana unaonekana mstari mwembamba wa kijivu. Inaweza kuwa moto wa nyasi tu. Lakini huku ni saa moja, kule ni saa kumi na mbili, na saa kumi na mbili mama yangu alikuwa anaweka sufuria motoni.